Kamera Nzima, Njia Mbovu: Yale Niliyojifunza kwa Kufunga na Kutafuta Hitilafu Arusha na Moshi

Simu nyingi ninazopigiwa na wenye kamera huanza hivi: "Fundi, ile kamera ya getini imekufa." Sibishani naye. Namuuliza mambo mawili tu: imezimika peke yake au pamoja na nyingine, na huzimika saa ngapi. Majibu hayo hunipa nusu ya kazi kabla sijafungasha ngazi. Zikizimika zote kwa pamoja, naanzia kwenye rekoda inayohifadhi picha, swichi inayokusanya kebo za mtandao, au pawa saplai, wala sina haja ya kupanda ukutani. Ikizimika moja, natazama njia yake. Na ikiwa inazimika jua likizama na kurudi asubuhi, hapo karibu najua nitakachokikuta.

Kwa muda wote ambao nimekuwa nikifanya kazi hii, Arusha mjini, Usa River, hadi Moshi na vijiji vya mlimani, ni mara chache sana kamera yenyewe imekuwa na kosa. Kosa huwa kwenye waya, kwenye maungio, au kwenye umeme unaoifikia. Lakini mteja haoni waya, anaona kamera. Ndiyo maana watu wanatumia pesa nyingi kununua kamera mpya na kuifunga kwenye njia ileile iliyoiua ya kwanza. Jambo hili linaniuma, kwa sababu wengi wa watu hawa si matajiri. Ni mama wa duka la jumla, ni mzee aliyejenga vyumba vya kupangisha Sombetini, ni kijana mwenye gereji. Wamejibana kununua ulinzi, na ulinzi wenyewe unalala saa ya kazi.

Nianze na hilo la kuzimika usiku, maana ndilo linalowatesa wengi na ndilo linalofundisha zaidi.

Kuna duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kwa Mrombo niliitwa kulitazama. Mwenyewe ni mama mtu mzima. Nilipomwamkia tu, akaniitikia na kuingia kwenye shida moja kwa moja: "Marahaba mwanangu. Hizi kamera zinalinda mchana, mimi mwenyewe nikiwa nimekaa hapa. Usiku zinazima. Sasa mwizi gani anakuja mchana?" Kamera ya getini ilikuwa imeshabadilishwa na fundi aliyetangulia, na mpya nayo ikawa na tabia ileile. Jioni picha inapotea, inarudi kidogo, inapotea tena, mpaka kunapopambazuka.

Nilisubiri giza liingie, nikasimama chini ya kamera. Kelele za barabarani zilipopungua nikaisikia: tk, kimya, tk, kimya. Mlio ule ni wa kichujio kidogo kilicho mbele ya kihisi cha picha, ambacho hujisogeza kamera inapohama kutoka hali ya mchana kwenda ya usiku. Kamera nzima haifanyi hivyo mfululizo. Ile ilikuwa inawaka, inaona giza, inawasha taa zake za infraredi za kuonea gizani, inakosa nguvu, inazima, kisha inaanza upya. Usiku kucha.

Sababu yake ni hesabu ndogo ambayo kila anayefunga kamera anapaswa kuwa nayo kichwani. Kutoka dukani hadi getini palikuwa na kama mita 60. Umeme wa volti 12 ulikuwa umepitishwa kwenye jozi moja ya kebo ya Cat5e, ile kebo ya mtandao yenye jozi nne za nyuzi zilizosokotwa. Uzi mmoja wa kebo hiyo, ule wa kipenyo cha nusu milimita, una ukinzani wa karibu omu 8.4 kwa kila mita 100, tena ukiwa ni shaba halisi. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 60 zinakuwa 120, na ukinzani unakuwa kama omu 10. Tuseme mchana kamera inakula ampea 0.2: unapoteza volti 2 njiani, zinafika 10, na kamera nyingi zitavumilia. Usiku taa zikiwaka inataka ampea 0.5: unapoteza volti 5, zinafika 7. Kwa volti 7 kamera ya 12 haiwezi kusimama.

Mtego ni huu. Fundi aliyetangulia alikuwa amepima. Mama alinieleza kwamba alipanda na mita, akachomoa plagi ya kamera, akasoma volti 12 kamili, akasema umeme upo, kwa hiyo kamera ndiyo mbovu. Na kweli mita ilisoma 12. Waya usiobeba mzigo haupotezi kitu. Volti zinaanguka pale mkondo unapopita. Kwa hiyo pima upande wa kamera, kamera ikiwa imeunganishwa, taa zake zikiwa zinawaka. Huna haja ya kusubiri usiku kama nilivyosubiri mimi siku ile kwa ajili ya kumwonyesha mwenye mali: ziba uso wa kamera kwa kiganja au tepu nyeusi, kihisi cha mwanga kitadhani ni giza, taa zitawaka, na hapo mita itasema ukweli. Ikisoma chini ya 11, usimalize kazi. Baadhi ya kamera zimetengenezwa kuvumilia pungufu ya asilimia 10 tu, yaani mpaka volti 10.8.

Dawa ziko kadhaa na hazina bei sawa. Pale dukani nilipitisha waya wa umeme wa milimita 1.5, ule wa taa za nyumbani. Ukinzani wake ni kama omu 1.2 kwa mita 100, hivyo kwa umbali uleule na ampea 0.5 unapoteza volti 0.7 tu. Ungeweza pia kuunganisha jozi za ziada kwenye kebo ileile zisaidiane, au kusogeza pawa saplai karibu na geti kama kuna umeme wa kuaminika huko. Kamera ikiwa ni ya mtandao, umeme wa PoE, ule unaopita kwenye kebo ileile ya mtandao, unamaliza tatizo hili karibu lote, kwa sababu unasafiri kwa volti kama 48, mkondo ukiwa mdogo mara nne kwa wati zilezile, na kwa kawaida unabebwa na jozi mbili. Niliporudi kumpimia mama yule kamera zake usiku, volti zilikuwa 11.2. Alizitazama namba kwenye mita kwa muda, akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia habari za waya tangu mwanzo. Nilimweleza kwamba wengi tunaogopa kumtajia mteja gharama ya waya kwa kuwa atakwenda kwa fundi wa bei nafuu. Na ni kweli tunaogopa.

Nimesema shaba halisi, na hapo pana donda lingine. Kebo nyingi zinazouzwa kwa bei ya kuvutia ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwa macho hutofautishi. Chukua kisu, kwangua uzi mmoja taratibu: ukiona weupe ndani, umeuziwa aluminiamu. Boksi lake pia ni jepesi mkononi ukilinganisha na la shaba. Mimi hupenda kupima kabisa. Boksi zima lina mita 305. Ukiweza kuzifikia ncha zote mbili, unganisha nyuzi mbili za jozi moja upande mmoja, pima upande wa pili. Shaba safi itakupa kati ya omu 50 na 57 hivi. Ikikaribia 80 au kuipita, lirudishe. Viwango vya kebo za Cat5e na Cat6 vinataka shaba tupu, kwa hiyo hata maandishi yaliyochapwa kwenye ganda ya "Cat6" hayana maana kama ndani si shaba. Kebo ya aluminiamu hukatika ukiipinda mara chache, hupata kutu ya aina yake kwenye maungio, na ukiipitishia PoE kwa umbali mrefu inapata joto na kupoteza nguvu. Nimeacha kabisa kuifunga. Mteja asipoweza kununua ya shaba kwa kamera nane, namshauri afunge nne kwanza.

Kuna hitilafu nyingine ambayo mita haiioni, na kipimo cha taa nane cha mafundi wengi hakiioni pia. Niliikuta kwenye nyumba ya wageni njia ya Marangu. Kamera ya mtandao iliyo mwisho wa bustani, kama mita 80 kutoka kwenye swichi, ilikuwa inaganda picha, inakatika, inarudi. Zilizo karibu na mapokezi zilikuwa safi. Nikachomeka kipimo: taa ya 1 hadi 8 zikawaka kwa mpangilio, upande huu na ule. Mwenye nyumba, mzee mpole, akasema, "Unaona fundi, waya ni mzima, hata yule mwingine alinionyesha hivyohivyo." Nilichungulia rangi za nyuzi kwenye kichwa cha RJ45, ile plagi ya plastiki mwishoni mwa kebo ya mtandao, na jibu likawa pale. Zilikuwa zimepangwa jozi kwa jozi, kwa uzuri wa macho: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia.

Mpangilio unaotakiwa, ule wa T568B, ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini mashine zinatumia pini ya 3 na ya 6 kama jozi moja. Kwa mpangilio wa macho, pini ya 3 inapata nyeupe-kijani na ya 6 inapata bluu, nyuzi ambazo hazijasokotwa pamoja. Na msokoto ule ndio unaofuta kelele: kila uchafu unaoingia kwenye uzi mmoja unaingia pia kwenye mwenzake, na mashine inauondoa kwa kulinganisha. Ukiwatenganisha, kelele inabaki. Kwa mita 10 huoni kitu, kwa mita 80 picha inaganda. Kipimo cha taa kinauliza tu kama umeme umefika kutoka pini moja hadi nyingine; hakijui nani amesokotwa na nani. Nilikata vichwa viwili, nikabana vipya kwa mpangilio sahihi, na kamera ikatulia palepale. Kazi ya dakika chache, baada ya mzee kuishi na tatizo lile msimu mzima wa watalii. Tangu hapo, kabla ya kutoa kifaa chochote mfukoni, nasoma rangi.

Mita 80 pia zimekaribia ukingo. Ethaneti ya waya imewekewa mita 100, na humo zinahesabiwa pia kebo fupi za kuunganishia mwanzoni na mwishoni. Nimeona watu wakienda 130 na kamera ikawaka. Inawaka, halafu siku ya joto au ya mvua inaanza kusumbua, na hakuna anayekumbuka umbali.

Mvua kwetu ni somo peke yake. Masika yakianza Machi, simu zinaongezeka, na zinapungua baada ya Mei. Maji yanaingia kwenye kiungo, shaba inageuka kijani, picha inafifia au inakatika. Ndani ya boksi la kila kamera ya mtandao mara nyingi kuna kikofia kidogo cha plastiki chenye mpira wa kuzuia maji, cha kuvika kichwa cha RJ45. Mafundi wengi wanakitupa pamoja na nailoni kwa sababu lazima ukivishe kebo kabla ya kubana kichwa, na kinachelewesha. Naomba tusikitupe. Kisha kiungo chote kikae ndani ya boksi lake, si kuning'inia chini ya paa na kufungwa tepu nyeusi ya umeme ambayo jua la huku litaibandua. Na kabla kebo haijaingia ukutani, iachie tumbo lining'inie chini ya tundu, ili tone la maji likifika pale lidondoke badala ya kufuata kebo ndani. Nimewahi kufungua rekoda Tengeru nikakuta maji yamesafiri ndani ya ganda la kebo kutoka nje hadi kwenye kichwa chake. Paa lilikuwa zima, dari kavu.

Radi inatisha zaidi. Nyumba zilizo kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro zinajua. Si lazima radi ipige nyumba yako. Ikipiga jirani, waya mrefu ulio hewani au ardhini unaokota nguvu kiasi cha kuunguza tundu za swichi. Hatari kubwa ni kebo ya shaba inayounganisha majengo mawili, kila moja likiwa na umeme wake na ethi yake, yaani waya wake wa kwenda ardhini. Ethi za majengo mawili hazina volti sawa wakati wa radi, na tofauti hiyo inatafuta njia, nayo njia ni kebo yako. Kwenye shule moja ya bweni nje ya Moshi, kila masika tundu kadhaa za swichi zilikuwa zinaungua, zote za upande wa bwenini. Tulitoa kebo ya shaba kati ya majengo tukaweka faiba, ambayo ni kioo na haipitishi umeme. Uunguaji ukaisha. Pale ambapo faiba ni ghali, antena mbili za wayalesi za kutazamana zinafanya kazi ileile. Vile vifaa vya kuzuia radi vinavyofungwa kwenye kebo ni vizuri, ila havina msaada visipounganishwa na ethi iliyozamishwa kweli. Nimekuta vingi vimefungwa vizuri, waya wake wa ethi ukiwa umekunjwa na kuachwa.

Kwa kamera za analojia, zile zisizo za mtandao, mistari inayopanda taratibu kwenye picha mara nyingi ni umeme wa nyumbani wa hezi 50 unaoingilia, ama kwa sababu kebo imepitishwa paipu moja na waya wa soketi, au kamera na rekoda zimepata ethi tofauti. Tenganisha kebo ya kamera na waya wa umeme. Zikilazimika kukutana, zikatizane kama msalaba, zisilale sambamba.

Panya nao wapo, hasa kwenye dari za maghala ya nafaka. Paipu, hakuna dawa nyingine.

Niseme jinsi ninavyotafuta kosa nisilolijua, maana hapo ndipo vijana ninaotembea nao hupoteza muda. Wanaanza kwa kupanda. Mimi naanza kwa kubadilishana. Kamera namba 4 haionekani, ya 5 inaonekana: zibadilishe tundu pale kwenye rekoda au swichi. Tatizo likibaki kwenye tundu, kosa ni la mashine. Likihama na kebo, kosa liko nje. Hapo ndipo napanda, naishusha kamera, naileta mezani na kuiunganisha kwa kebo fupi ninayoiamini. Ikiwaka, nimeshajua ni njia, na sitamuuzia mtu kamera. Baada ya hapo naigawa njia katikati, kwenye boksi la kiungo kama lipo, napima upande huu na ule, nabaki na nusu, naigawa tena. Kila hatua inaondoa kitu kimoja tu. Ukibadilisha kichwa, kebo na pawa saplai kwa mpigo, inaweza ikapona, lakini hutajua nini kilichoiponya na itakurudia.

Kamera za mtandao zina kosa lao la kujificha pia: mbili kupewa anwani moja. Kamera za kampuni moja hutoka kiwandani na anwani ileile. Za Hikvision 192.168.1.64, za Dahua 192.168.1.108. Ukizichomeka mbili bila kuziamsha moja moja, zinagombania nafasi na picha zinapokezana. Hilo linachukua dakika kulitatua ukilijua.

La mwisho ni saa ya rekoda, na hili nalisisitiza kwa kila mteja hata kama hakuniitia hilo. Rekoda nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na majira ya China, saa 8 mbele ya Greenwich, nasi tuko 3. Ikipata intaneti inajirekebisha kwa majira hayo, na tukio la saa nne usiku linaandikwa saa tisa alfajiri ya kesho yake. Nyingine, betri yake ndogo ya CR2032 imeisha, umeme ukikatika na kurudi tarehe inaruka miaka nyuma. Mwenye mali anaibiwa, anapeleka picha polisi, na picha zinasema siku nyingine. Kijana mmoja wa duka la simu, Moshi mjini, alihangaika na jambo hilo huku sura ya mwizi ikionekana wazi kabisa. Ilitulazimu kupiga picha saa ya rekoda ikionekana pamoja na saa ya simu, ili kuonyesha tofauti ni saa ngapi.

Nikimaliza kazi naacha karatasi ndani ya kabati la rekoda, imefunikwa nailoni. Ina mchoro wa nyumba, namba ya kila kebo na ilipopita, maboksi ya viungo yalipo, anwani ya kila kamera, na volti nilizosoma kwenye kila kamera taa zikiwa zinawaka. Nywila haiandikwi humo, anabaki nayo mwenye nyumba. Atakayeitwa baada yangu akikuta pale pameandikwa 11.2 naye akasoma 9, atajua kuna kitu kimebadilika njiani, na aanze kukitafuta huko kabla hajamwambia mtu anunue kamera.